Kinachotoka Mlangoni Mwetu

Mji wa Nakuru umekaa ndani ya bakuli. Kaskazini umeinuka mlima wa volkano wa Menengai, upande wa magharibi na kusini kuna nyanda za juu za Mau, mashariki kuna miinuko ya Bahati, na chini kabisa, mahali ambapo kila mtaro na kila kijito huelekea, kuna Ziwa Nakuru. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia humo, lakini hakuna hata mto mmoja unaotoka. Maji huliacha ziwa kwa kugeuka mvuke tu, nayo yanapopanda angani huacha nyuma magadi, chumvi na kila kitu kingine yalichokuja nacho. Hata maji taka ya mji, baada ya kusafishwa katika mitambo iliyo karibu na hifadhi ya wanyama, huishia huko huko. Nimeishi hapa tangu nilipoolewa, na sijapata kujua jambo la jiografia linalomhusu mama wa nyumbani kuliko hili: sisi watu wa Nakuru hatuna mahali pa kutupa kitu kikaenda mbali.

Majirani na jamaa huniuliza mara kwa mara familia ya kawaida, inayoishi katika nyumba ya kupanga na kutegemea mshahara wa mwezi, inaweza kufanya nini kwa ajili ya mazingira. Jibu langu ni kwamba waangalie kwanza kinachotoka mlangoni mwao, kabla hawajafikiria kitu chochote cha kununua. Mazungumzo mengi kuhusu jambo hili huanzia dukani, kwenye chupa ya chuma ya kubebea maji, mswaki wa mianzi au taa ya sola. Sina ugomvi na vitu hivyo, lakini vyote huongeza idadi ya vitu nyumbani, na nyumba yenye watoto watatu haijawahi kupungukiwa na vitu. Mimi na mume wangu tulianza kwa kuichunguza ndoo ya taka, kisha maji tuliyokuwa tukiyamwaga, kisha moto wa jikoni. Mengine yalifuata taratibu.

Ndoo ya taka ndiyo iliyotufundisha mengi zaidi. Katika miji ya Kenya zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vinavyooza: maganda ya viazi na ndizi, mabua ya sukuma wiki, majani ya chai, maganda ya mayai, ugali uliolala. Vitu hivi vikitiwa pamoja na plastiki huharibu kila kinachovizunguka, kwa kuwa chupa ambayo mtu angeiokota na kuiuza huanza kunuka, karatasi huloa, na mwishowe mchanganyiko mzima hauna thamani kwa mtu yeyote. Vikifika jaani na kufunikwa na taka nyingine, huoza pasipo hewa na kutoa methani, gesi ambayo, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, hushika joto takriban mara 28 zaidi ya uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Jaa la mji wetu, yaani Gioto, liko kwenye mteremko wa Menengai, juu ya makazi ya watu. Mvua kubwa inaponyesha, sehemu ya kile tulichodhani kimeshaondoka hubebwa na maji na kurudi chini, ikipita mitaani na mitaroni kuelekea ziwani. Tena, huko jaani kuna watu, wakiwemo akina mama wenye watoto, wanaotafuta riziki kwa kuchambua taka kwa mikono yao. Kumpelekea binadamu mwenzako mfuko ambamo nepi, vigae vya glasi na mabaki ya chakula vimechanganyika ni kumkosea heshima, na hilo peke yake lingenitosha kuwa sababu ya kutenganisha taka.

Jikoni kwetu sasa kuna ndoo ndogo yenye kifuniko kwa ajili ya vinavyooza, na gunia lililotundikwa nyuma ya mlango kwa ajili ya chupa, makopo na plastiki ngumu. Hakuna jipya hapo, na sheria yenyewe inalitaka, kwani Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaelekeza taka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa. Tatizo ni kwamba gari linalozoa taka katika mtaa wetu bado hupakia kila kitu pamoja, na jirani mmoja aliniuliza, kwa haki kabisa, kuna faida gani ya kutenganisha asubuhi kinachochanganywa tena jioni. Jibu ni kwamba faida inapatikana ikiwa vinavyooza havitalifikia gari hilo kabisa. Ndiyo maana kutengeneza mboji nyumbani ni hatua ninayoitanguliza mbele ya zote, na ningemshauri mtu mwenye nafasi ya kufanya jambo moja tu achague hili.

Ua wa ploti yetu umesakafiwa kwa saruji, isipokuwa ukanda mwembamba kando ya ukuta, kwa hiyo tunatumia pipa kuukuu la plastiki lililotobolewa mashimo chini na ubavuni ili hewa ipite. Chini kabisa tunaweka vijiti na mabua makavu ya mahindi, kisha juu yake tabaka la maganda na tabaka la vitu vikavu, kwa kupokezana. Siri yote, kama ipo, imo katika hivyo vitu vikavu. Watu wengi hujaza maganda mabichi peke yake, pipa likageuka tope lenye harufu kali, wakakata tamaa na kusema kwamba mboji ni kazi ya shambani. Kwa kila kipimo cha maganda tunatia vipimo viwili vya majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa au maranda ya mbao, ambayo mafundi seremala huwa radhi kuyatoa bure. Unaufinya mchanganyiko kwa mkono: ukitoa tone moja au mawili, unyevu umefaa, ukichuruzika, ongeza vikavu, ukiwa mkavu kabisa, nyunyizia maji yaliyooshea mchele au mboga. Nyama, mifupa na mafuta ya kupikia hatutii, kwa sababu huita panya na nzi. Tunaligeuza kila wiki kwa mti. Kwa kuwa Nakuru iko juu na usiku wake ni wa baridi, mboji huchukua muda mrefu kidogo kuiva kuliko kule Kisumu au Busia, lakini baada ya miezi mitatu au minne unapata udongo mweusi usio na harufu yoyote isipokuwa ile ya ardhi iliyonyeshewa.

Na udongo huo tunauhitaji sana. Ardhi ya sehemu kubwa ya mji huu ni majivu ya volkano, laini, nyepesi, inayopeperuka kiangazi na kuchukuliwa na maji wakati wa mvua, na haishiki unyevu kwa muda. Mboji huipa uwezo wa kushika maji na kuilisha mimea. Tuna magunia yaliyopangwa kwenye ule ukanda wa ukutani, kila moja likiwa na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, juu na ubavuni yamepandwa sukuma wiki, spinachi na vitunguu vya majani. Hatujitoshelezi kwa mboga, na sitaki mtu adhani kwamba magunia machache yatamwondolea safari ya kwenda kwa mama mboga, ambaye naye ana watoto wa kulisha. Lakini mboga za siku kadhaa katika juma hutoka hapo, na watoto wameona kwa macho yao ganda la ndizi likirudi mezani kwa sura nyingine.

Kabla ya hayo yote, majirani kadhaa walikuwa na desturi ya kuchoma taka uani wakati wa jioni. Moto mdogo wa uani hauna joto la kutosha kuteketeza plastiki ipasavyo. Huitoa ikiwa moshi wenye sumu, zikiwemo dioksini, na moshi huo huingia katika vyumba vya watoto wale wale tunaowalinda kwa vyandarua. Tulizungumza kwa upole, bila kumlaumu yeyote. Maganda yalipoanza kwenda kwenye pipa na chupa kwenye magunia, kilichobaki cha kuchoma kilikuwa kidogo mno, na desturi ile ikafifia yenyewe.

Nepi zinastahili nafasi ya peke yake. Nepi ya kutupa ni plastiki, nyuzinyuzi za mbao na chembechembe za kemikali zinazofyonza maji, na haiozi katika muda ambao mimi au wajukuu wangu tutaushuhudia. Mtoto anayetumia nepi tano kwa siku, kwa miaka miwili, atakuwa ametumia zaidi ya 3,600. Hebu zihesabu kwa idadi ya watoto wa mtaa mmoja tu wa Kaptembwo au Rhonda, kisha ufikirie mitaro. Kwa mtoto wetu wa mwisho tulirudia nepi za kitambaa cha pamba, zile za kukunja na kufunga kwa pini ambazo mama zetu walitulea nazo, tukiwa na suruali ya nailoni ya kuvalisha juu. Mchana nyumbani alivaa kitambaa, na usiku au safarini alivaa za kutupa. Sioni aibu kwa nusu hiyo, kwa sababu familia inayopunguza nepi za kutupa kwa nusu bila kuchoka imefanya kazi kubwa kuliko ile inayoapa kuziacha zote na kurejea dukani baada ya juma. Kinyesi humwagwa chooni kwanza, wala hakioshewi kwenye mtaro. Kisha nepi huloweshwa, hufuliwa kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, na kuanikwa kwenye jua kali, ambalo ni dawa ya vijidudu isiyo na bei.

Lakini nani anayezifua? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa naona jambo hili likirukwa kila mara. Karibu kila hatua ya kupunguza taka huongeza kazi ya mikono: kuloweka, kufua, kutenganisha, kubeba, kugeuza. Katika nyumba zetu kazi hiyo huangukia mama, na kama kuna dada anayesaidia nyumbani, humwangukia yeye. Familia inaweza kusifiwa kanisani au kwenye chama cha kuweka akiba kwa kuacha nepi za kutupa ilhali binti wa miaka 22 kutoka Kuresoi ndiye anayeinama juu ya beseni saa nzima kila siku kwa mshahara ule ule. Huko si kutunza mazingira. Ni kuuhamisha mzigo kutoka kwa ziwa na kumtwika mtu asiyeweza kukataa. Sisi tulikaa chini sote, dada naye akiwemo, tukaulizana kila mmoja atachukua nini. Mume wangu alichukua nepi za jioni na kuligeuza pipa la mboji. Kijana wetu mkubwa hupeleka ndoo ya maganda kila akirudi shule, na mdogo wake huosha chupa kabla hazijaingia guniani. Kazi za dada zilipunguzwa kwingine, hasa upigaji pasi wa nguo ambazo kwa kweli hazikuhitaji pasi, jambo lililotupunguzia umeme pia. Palipokosekana mtu wa kuifanya kazi kwa hiari, hatua hiyo tuliiacha hadi wakati mwingine. Naamini mipango mingi mizuri hufa kwa kukosa makubaliano ya namna hii, wala si kwa kukosa fedha.

Kuhusu maji, Nakuru ina shida mbili zinazokutana. Maji ya mfereji hayatoki kila siku, na maji mengi ya visima virefu yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima katika kaunti hii vinavyovuka kikomo hicho kwa mbali. Meno ya kahawia ya watoto wengi wa Bonde la Ufa ndiyo ushahidi. Kuchemsha hakuiondoi floraidi, bali huizidisha kidogo, kwa sababu maji hupungua nayo ikabaki. Idara ya maji ya Jimbo Katoliki la Nakuru imefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kwa wanaotegemea kisima hiyo ni njia ya kutafuta. Maji ya mvua, kwa upande wake, hayana floraidi ya kutajika.

Hesabu ya paa ni rahisi na kila familia inapaswa kuijua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba likinyeshewa milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya jioni moja ya mwezi wa Aprili, hupokea lita 1,200. Hata ukitoa sehemu moja ya tano kwa yale yanayoruka na kumwagika, unabaki na karibu lita 960. Sisi ni wapangaji, kwa hiyo ilitubidi tumwendee mwenye ploti tukiwa pamoja na majirani. Hatukumweleza habari za mazingira kwanza. Tulimwonyesha jinsi maji ya paa yalivyokuwa yakichimba msingi wa nyumba yake, na jinsi gata na tangi vingemwondolea hasara hiyo. Alikubali kununua gata za paa moja, nasi tukachangia tangi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huwa tunaiacha ipite ili ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha tunakinga. Maji hayo tunayatumia kwa kunywa, baada ya kuyachemsha, na kwa kupikia; ya mfereji ni ya kufulia na kuogea. Kuna faida nyingine isiyoonekana ukiwa uani: kila lita inayoingia tangini ni lita ambayo haikuteremka barabarani ikikokota udongo na takataka hadi mtaroni.

Mtaro nao unahitaji maelezo, kwa maana watu wengi wazuri hudhani kwamba mtaro wa kando ya barabara na bomba la maji taka ni kitu kimoja. Kinachoingia kwenye bomba la maji taka hupelekwa kwenye mitambo ya kusafishia kabla ya kufika ziwani. Kinachoingia kwenye mtaro wa mvua hakipiti popote; kinateremka moja kwa moja. Kwa hiyo maji yenye sabuni, maji ya kuoshea pikipiki yaliyochanganyika na oili, na mafuta yaliyokaangiwa samaki, vyote vikimwagwa mtaroni hulifikia ziwa vikiwa hivyo vilivyo. Kwetu maji ya kusuuzia nguo hupigiwa deki, na yanayobaki baada ya deki humwagwa chooni badala ya maji safi. Mafuta yaliyochoka hufutwa kwa kipande cha gazeti. Sabuni ya unga tunaipima kwa kijiko, kwani povu jingi halimaanishi nguo safi zaidi.

Kuhusu moto nitasema mambo machache. Tanuri la kienyeji la udongo linaweza kuhitaji hadi kilo 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya makaa, na kuni nyingi za eneo hili hutoka upande wa Mau, ule ule msitu ambamo mto Njoro huanzia. Anayechoma makaa kwa pupa hapa mjini anapunguza maji yake mwenyewe. Hatua ya bei nafuu kuliko zote ni kuloweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha na kuyamwaga maji yake asubuhi. Mama mkwe wangu, aliyeko Njoro, hajawahi kupika maharagwe makavu yasiyolowekwa, na huwauliza wake za wanawe kama wana makaa ya kuchezea. Baada ya githeri kuchemka vizuri tunaliondoa jikoni na kuliweka katika kikapu kilichoshonewa blanketi kuukuu ndani, kikiwa na mto wa kufunika juu, nalo huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe. Jiko lenye kauri ndani, lile lililoingia sokoni nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu, na siku hizi hakuna sababu ya kununua lile la zamani.

Umeme ndio ulionishangaza. Nilikulia katika mawazo kwamba kupikia umeme ni anasa ya matajiri. Lakini takriban sehemu tisa katika kumi za umeme unaozalishwa Kenya hutokana na vyanzo visivyochoma mafuta, na sehemu kubwa kuliko zote ni mvuke wa ardhini, mwingi wake ukitoka Olkaria, kule Naivasha, ndani ya kaunti hii yetu. Sufuria ya umeme inayopika kwa mgandamizo wa mvuke huivisha maharagwe yaliyolowekwa kwa chini ya uniti moja ya tokeni. Bei yake ya kununulia ni nzito kwa mkupuo mmoja, nasi tuliipata kwa zamu yetu ya chama. Kwa wanaobaki na jiko la makaa, inafaa kujua kwamba Nawasscoal, kampuni tanzu ya kampuni ya maji ya mji, hutengeneza makaa ya kubonyezwa kwa kutumia uchafu wa vyoo uliokaushwa na kuchomwa kwa joto kali pamoja na vumbi la mbao. Baadhi ya jamaa zangu walikunja nyuso waliposikia. Mimi nikiyaona makaa hayo naona kwamba kilichotoka nyumbani mwetu kimezuiwa kufika ziwani na kimerudi kupika chai.

Sokoni mambo ni mepesi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kikapu au kiondo kimerudi kuwa sehemu ya safari ya kwenda Wakulima au Top Market, na hakuna anayekishangaa. Maziwa tunanunua kwenye mashine ya kupimiwa, tukibeba chombo chetu, badala ya pakiti. Soda, siku za sherehe, ni ya chupa ya glasi inayorudishwa. Pakiti za unga ni za karatasi, na huishia kwenye pipa la mboji baada ya kuchanwa. Nguo za watoto ni za mitumba au za kurithishana, na fundi cherehani aliye kando ya ploti hupata kazi yetu kabla duka halijapata pesa zetu.

Watoto hawakuhitaji mahubiri. Walihitaji kuonyeshwa maji yanakokwenda. Jioni moja baada ya mvua baba yao aliwatembeza kuufuata mtaro kutoka langoni petu hadi unapokaribia ukingo wa hifadhi, wakaona wenyewe pakiti za biskuti zikielea. Aliwaeleza pia kwamba ziwa limepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kiasi cha kumeza lango kuu la zamani la hifadhi na nyumba za watu upande wa Mwariki, na kwamba flamingo hula mwani mdogo sana unaostawi katika maji yenye magadi mengi, hivyo maji yakizidi na magadi yakichujuka, ndege huhamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Mambo hayo hayakusababishwa na pakiti ya biskuti, na baba yao hakuwadanganya kuhusu hilo. Lakini ziwa linalopambana na mabadiliko makubwa kiasi hicho halistahili kuongezewa uchafu wetu juu yake, na watoto walilielewa jambo hilo bila kuambiwa mara mbili.

Yapo ambayo bado hayajapata ufumbuzi. Mifuko ya mkate, pakiti za biskuti na karatasi laini za plastiki zinazofungia sabuni hazina mnunuzi, kwa hiyo huenda kwenye gari la taka. Tunazipunguza kwa kununua mkate mara chache na kukaanga mandazi na kupika chapati zaidi, ingawa hilo nalo ni kazi, na kazi lazima igawanywe. Chupa na makopo yana mnunuzi. Ploti nzima sasa hukusanya katika magunia ya pamoja karibu na lango, na mwenye mkokoteni anayenunua chuma chakavu na plastiki kwa kilo hupita mwisho wa mwezi. Fedha hizo ni kidogo, nazo huwekwa na mama mmoja tuliyemchagua kuwa mweka hazina. Mwenye ploti amesema yuko tayari kulipia nusu ya gata za paa la pili iwapo wapangaji watalipa nusu iliyobaki, na kwa fedha za magunia pamoja na mchango mdogo wa kila nyumba tunatarajia fundi azifunge kabla ya mvua za Machi.